Nani Anashika Mlango wa Blokicheni?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Walikuwa na maana yao, na kwa mambo mengi wasia huo ungali kweli. Hata hivyo, historia ya blokicheni, yaani daftari la miamala linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi zisizo na mkubwa mmoja, inatufundisha upande wa pili: nyumba yaweza kujengwa imara kama ngome, na wenyewe wakaibiwa kwa sababu ya mlango.

Ahadi ya mwanzo ilikuwa ya kisiasa kadiri ilivyokuwa ya kiufundi. Waraka wa Bitcoin, uliotolewa kwa jina la Satoshi Nakamoto tarehe 31 Oktoba 2008, katikati ya msukosuko wa fedha duniani, ulipendekeza malipo yasiyomhitaji msimamizi wa kati. Kila mshiriki angeweza kuendesha nodi yake na kulihakiki daftari zima kwa macho yake. Ethereum, iliyoanza kazi tarehe 30 Julai 2015, iliongeza mikataba iliyoandikwa kwa msimbo na kutekelezwa na mtandao wenyewe.

Hapo ndipo suala la mlango lilipozuka. Mtu wa kawaida hana nodi, ana kivinjari. Wajenzi wa Ethereum walitoa kivinjari maalumu, Mist, kilichofanya kazi pamoja na nodi iliyomo ndani ya kompyuta ya mtumiaji, lakini mzigo huo ulikuwa mzito kwa wengi. Mwaka 2016 ikaja MetaMask, pochi inayopachikwa kwenye kivinjari cha kawaida, na Infura, huduma ya kuwafikisha watu mtandaoni kupitia nodi za mwingine. Zote mbili zilikuwa na mkono wa kampuni ya ConsenSys. Tangu hapo ukurasa wowote wa tovuti uliweza kuzungumza na blokicheni kwa mistari michache ya msimbo. Urahisi ulishinda, na dalali aliyetolewa sebuleni akakaribishwa barazani.

Kanuni ambazo waandishi wa programu wanafundishwa leo zilitokana na majeraha ya miaka iliyofuata.

Jeraha la kwanza lilihusu ridhaa. Awali pochi ilijitambulisha kwa kila ukurasa uliofunguliwa. Kwa kuwa daftari la Ethereum ni la wazi, ukurasa uliopata anwani yako uliweza kujua pia salio lako na miamala yako yote. Kati ya 2018 na 2019 utaratibu ulibadilishwa, ukurasa ukalazimika kuomba ruhusa kwanza. Ndiyo asili ya kanuni isemayo: usiombe muunganisho ukurasa unapofunguka, subiri mtumiaji abonyeze mwenyewe, akijua anachokiruhusu.

La pili lilihusu utegemezi. Tarehe 11 Novemba 2020 nodi za Infura, zilizokuwa zikitumia toleo la zamani la programu yake, ziliachana na mtandao. Kwa saa kadhaa pochi na tovuti nyingi zilikwama, na masoko makubwa, Binance likiwemo, yakasimamisha utoaji wa sarafu za Ethereum. Mtandao wenyewe haukuzimika. Kilichofungwa ni mlango ambao umati wote ulikuwa ukiupitia. Kanuni ikawa: ukurasa uwe na njia zaidi ya moja ya kuufikia mtandao, na usiyapokee majibu ya nodi moja kama hati ya mahakama.

La tatu, lililo chungu zaidi, lilihusu saini. Mwishoni mwa 2021 wezi walipenyeza msimbo wao katika ukurasa wa BadgerDAO. Mikataba iliyokuwa kwenye blokicheni haikuguswa. Ukurasa uliwaomba watumiaji idhini ya kuhamisha mali zao, nao wakaitoa kwa kuuamini. Zikatoweka takribani dola milioni 120. Tarehe 21 Februari 2025 soko la Bybit lilipoteza karibu dola bilioni 1.5 kwa mbinu ya jamaa hiyo. Wezi walidukua kompyuta ya mtayarishaji programu wa Safe, huduma ya pochi iliyotumiwa na soko hilo, kisha wakabadilisha msimbo wa ukurasa wake. Watia saini waliona muamala wa kawaida kwenye kioo, ilhali walichokisaini ni kingine. FBI ya Marekani iliihusisha Korea Kaskazini na wizi huo.

Kwa hiyo kanuni zimekuwa kali: ukurasa uombe idhini ya kiasi kinachohitajika tu, msimbo wa kuazima ufungwe kwenye toleo lililohakikiwa, mabadiliko ya ukurasa yasipite kwa mkono wa mtu mmoja, na mtia saini asome maudhui kamili ya muamala kwenye kifaa kingine, kwa maneno anayoyaelewa.

Haya si mambo ya mafundi peke yao. Mtumishi wa umma anayeambiwa kwamba hati za ardhi zikiwekwa kwenye blokicheni hazitaghushiwa, anapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kupitisha bajeti. Nani ana uwezo wa kubadilisha ukurasa ambao mwananchi atautumia? Ukurasa huo unapitia nodi za nani? Na mwananchi anapotia saini, anaona nini hasa? Mwanaharakati naye ayaulize hadharani, na mwanafunzi wa kompyuta ajifunze kuyajibu.

Wanaoisifu teknolojia hii hutuambia kwamba kilichoandikwa humo hakifutiki, nao hawasemi uongo. Lakini mjane aliyesaini kuhamisha shamba lake kwa sababu ukurasa ulimwonyesha jambo jingine, hatasaidiwa na sifa hiyo. Daftari litaihifadhi saini yake kwa uaminifu mkamilifu, na aliyemdanganya atakuwa na ushahidi usiofutika.