Ganda la Risasi na Kibao Tulichokifuta



Wengi mmeuliza habari za ganda la risasi lililookotwa tulipochimba msingi wa maktaba yetu hapa Unyanyembe. Ilivuma kwamba ni la vita vya Mtemi Isike na Wajerumani. Baadhi yenu mlichanga kwa ajili hiyo, nasi tukaharakisha kuandika kibao. Kibao hicho tumekifuta, na mna haki ya kujua kwa nini.

Udongo wetu umeona vita zaidi ya kimoja. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora. Januari 1893 Wajerumani waliivamia ngome ya Isike, naye akalipua ghala la baruti akiwa ndani kuliko kutekwa. Septemba 1916 Wabelgiji waliuteka mji. Ilibidi ganda lenyewe litueleze.

Tulianza na kitako. Maganda mengi ya bunduki za kijeshi yana fataki, yaani kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako, na pini ya bunduki hugonga hapo. La kwetu halina. Kitako chake ni kitupu, na dawa ya kuwasha baruti ilitandazwa ndani ya ukingo wake. Pini hugonga ukingoni. Ndiyo sababu ganda ni la shaba nyekundu, laini, ili ukingo ubonyee. Likishapigwa halijazwi tena, huachwa lilipoangukia.

Hapo Mjerumani akatoka. Askari wake wa 1893 walibeba Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, yenye risasi za fataki katikati. Bunduki za Wabelgiji nazo zilikuwa hivyo. Na gobori, silaha ya wengi zama za Isike, haliachi ganda lolote, kwa kuwa baruti na risasi hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu.

Tukapima. Upana wa ganda ni kama milimita 11, urefu kama 22. Ukingoni kuna alama mbili za kugongwa, zinazotazamana. Kitakoni kuna herufi H. Hizo ni dalili za bunduki mbili za Marekani, Henry na Winchester ya 1866, ambazo pini yake hugonga pande mbili kwa mpigo mmoja. H ni ya Benjamin Tyler Henry, aliyepata hataza ya bunduki yake mwaka 1860.

Wapo waliosema papo hapo, "Basi ni la Stanley!" Ni kweli kwamba Henry Morton Stanley alifika kwetu mwaka 1871 na bunduki za aina zote mbili, akakaa Kwihara, akaenda vitani upande wa Waarabu dhidi ya Mirambo. Lakini risasi hizo ziliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20, na bunduki katika njia ya misafara zilipita mikono mingi. Ganda hutaja bunduki, halimtaji aliyeishika. Hatukufuta jina la Isike ili tuweke la mgeni kwa kubahatisha.

Kibao kipya kinasema: "Ganda la risasi ya Henry, lililookotwa hapa." Aliyechanga kwa ajili ya kibao cha kwanza na akitaka fedha zake, amwone mhazini, atarudishiwa bila maswali.

Mnaobaki nasi, tunaomba mchango wa kabati la kioo lenye kufuli. Wenye vitu vya kale nyumbani, msivisugue kwa mchanga, kwani alama kama hizi hufutika. Andikeni vilipookotwa na kina cha shimo. Na risasi ambayo haijapigwa msiiguse kabisa, iteni polisi.

Tukutane kwenye harambee.