Tundu liwe juu: historia fupi ya kasha la Nintendo, kutoka Kyoto hadi kwa babu Kiogoro

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi za watu (programu ya kuhesabu kilo za majani chai, nitaieleza siku nyingine). Leo nimepata jioni moja ya bure hapa nyumbani Kiogoro. Mvua inanyesha, stima haijapotea, basi tuandike.

Leo sina programu ya kuwaonyesha. Nataka tuzungumze kuhusu kasha la mashine ya gemu, yaani ile plastiki ya nje ambayo sisi watu wa programu huwa hatuifikirii.

Mambo yalianza hivi. Nina binamu anayechonga mawe ya sabuni kule Tabaka. Watoto wa dada yangu wanakuja Desemba, nikataka wapate mashine ya kuchezea gemu ndogo ninazoandika mwenyewe. Ndani nitaweka Raspberry Pi, na kila gemu itakaa kwenye fleshi yake kama kaseti ya zamani. Kwa nje nilitaka ifanane na Nintendo ile ya kijivu ya Marekani, yenye mlango mbele. Nilimtumia binamu picha pamoja na malipo ya awali. Siku mbili baadaye akanipigia simu.

"Injinia," akasema, "huu mlango wa mbele ni wa kazi gani? Jiwe likiwa jembamba namna hii litavunjika. Kwani kaseti haiwezi kuingilia juu kama ile ya kwa babu?"

Nilicheka, kisha nikaona sina jibu. Ni kweli, ule mlango ulikuwa wa kazi gani? Nikamwambia asimamishe kazi, nikaenda kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mashine yenyewe ilianza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa yen 14,800, ikiitwa Family Computer, au Famicom kwa kifupi. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo kule Nintendo, mjini Kyoto, ni Masayuki Uemura, aliyefariki mwaka 2021. Ilikuwa kitu kidogo chenye rangi nyeupe na nyekundu, sentimita 15 kwa 22, na kimo cha sentimita 6 hivi. Kaseti iliingilia juu na kushuka wima kwenye soketi ya pini 60. Pedi mbili za kuchezea zilikuwa zimeunganishwa na mashine moja kwa moja kwa nyaya, bila soketi, jambo lililopunguza gharama, na zilipewa mahali pa kulala ubavuni. Pedi ya pili ilikuwa na maikrofoni ndani yake.

Haikuwa kamili. Mashine za kwanza zilikuwa na vitufe vya mpira vya mraba vilivyokuwa vikikwama, ikabidi vibadilishwe kuwa vya duara, vya plastiki ngumu. Lakini ukiitazama unaona aliyeibuni alikuwa akifikiria mtoto, sakafu na bei.

Sasa twende Marekani. Mwaka uleule wa 1983 biashara ya gemu za nyumbani ilianguka kule. Maduka yalijaa kaseti zisizonunuliwa, na mwezi Septemba kampuni ya Atari ilizika shehena ya bidhaa zake kwenye jaa la Alamogordo, New Mexico. Mwenye duka aliyeungua mara moja hakutaka tena kusikia habari za gemu.

Nintendo walijaribu kuingia hapohapo. Januari 1985, kwenye maonyesho ya Las Vegas, walileta toleo waliloliita AVS, lenye kibodi na pedi zisizo na waya. Lilikuwa zuri kwa macho, lakini wenye maduka hawakulitaka. Mbunifu wao wa Marekani, Lance Barr, akarudi mezani. Katikati ya mwaka huohuo wakaonyesha sanduku jingine kule Chicago: la kijivu, lenye kona kali, na mlango mbele. Kaseti ilisukumwa ndani kisha ikabonyezwa chini, kama mkanda kwenye deki ya video. Hata majina yalibadilishwa kwa makusudi, ili mwenye duka asione neno "gemu" likimkodolea macho kwenye mashine yenyewe. Na pembeni wakaweka roboti ya plastiki, ili ionekane kama bidhaa ya wanasesere. Oktoba 1985 ikaanza kuuzwa New York.

Kwa hiyo jibu la swali la binamu yangu ni hili: ule mlango haukuwekwa hasa kwa ajili ya mchezaji. Kazi yake ilikuwa kumtuliza mwenye duka, kwa sababu mashine ilitakiwa ifanane na deki ya video.

Sasa hapa ndipo sisi mafundi wa programu tunapaswa kukaa macho, kwa sababu badiliko hili "la nje tu" liliingia hadi ndani. Ili kaseti ifike kule nyuma ya mlango, ilibidi irefushwe na kupanuliwa. Ukifungua kaseti nyingi za Marekani utakuta bodi imechukua karibu nusu ya nafasi, na sehemu iliyobaki ni hewa. Baadhi ya kaseti za mwanzo zilikuwa hata na bodi ileile ya Japani ya pini 60, ikiwa imechomekwa kwenye kipande cha kuipeleka kwenye pini 72.

Kwa nini 72? Hesabu ni rahisi. Ondoa pini 2 za sauti zilizokuwa kwenye Famicom, zinabaki 58. Ongeza 4 za chipu ya ulinzi iliyowekwa kuzuia kaseti zisizo na kibali. Ongeza 10 zinazokwenda kwenye tundu lililo chini ya mashine, lililowekwa kwa ajili ya vifaa vya baadaye. Hakuna kifaa chochote ambacho Nintendo walikuja kukiuza cha kuchomeka pale. Pini kumi, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuzaliwa. Nani kati yetu hajawahi kuandika programu ya namna hiyo?

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa soketi. Kwenye Famicom kaseti hushuka wima na kusugua pini inapoingia, kwa hiyo pini hujisafisha zenyewe. Kwenye sanduku la kijivu kaseti huingia kwa ulaini kisha hulazwa chini, na pini zinapaswa kujipinda kuipokea. Zikijipinda miaka kadhaa, hulegea. Na pini za ile chipu ya ulinzi zikikosa kugusana vizuri, mashine hujizima na kujiwasha kila sekunde, taa nyekundu ikipepesa. Kizazi kizima cha Marekani kikajifunza kupuliza kaseti kwa mdomo, ingawa Nintendo wenyewe walikataza, kwa kuwa unyevu wa pumzi huharibu pini.

Mwaka 1993 Nintendo walitoa toleo jipya Marekani kwa dola 49.99, kazi ya Lance Barr yuleyule. Tundu likarudi juu, na chipu ya ulinzi ikaondolewa. Miaka minane baadaye, mbunifu alirudi pale Uemura alipoanzia.

Tusimdharau Barr lakini. Ule mlango ulifanya kazi yake. Kwa hesabu za Nintendo wenyewe, mashine milioni 61.91 ziliuzwa duniani: milioni 34 katika bara lote la Amerika, milioni 19.35 Japani, na milioni 8.56 kwingine kote. Bila kumtuliza yule mwenye duka, pengine zile milioni 34 zisingekuwepo.

Sisi wa huku tungekuwa ndani ya ile "kwingine kote", lakini ile ya kwa babu haimo hata humo, kwa sababu haikutengenezwa na Nintendo. Ilikuwa nakala.

Nakala hizi zina historia yake. Mafundi wa Asia walijifunza kunakili chipu za Famicom, na kufikia miaka ya 1990 sehemu kubwa ya mashine ile iliingia kwenye chipu moja tu, iliyofunikwa tone la gundi nyeusi. Urusi walikuwa na Dendy kuanzia 1992. Kwetu zilifika bila jina la kukumbukwa. Kwa kuwa vya ndani vilikuwa vidogo hivyo, kasha lilibaki huru kabisa, likaweza kuwa na sura yoyote. Kuna zilizofanana na Sega, kuna zilizofanana na PlayStation, na ndani ni Famicom ileile. Lakini nyingi zilibaki na kitu kimoja: soketi ya pini 60, kaseti ikiingilia juu.

Jumapili nilienda kwa nyanya kuuliza kama ile ya kwetu bado ipo. Alinitazama sana.

"Bado mnataka kumaliza betri ya mzee?" akasema. Kisha akaniletea kutoka juu ya kabati, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Niwaeleze kuhusu hiyo betri. Mjomba aliinunua mashine hii mjini Kisii nikiwa darasa la pili. Kwa babu hakukuwa na stima wakati huo. Kulikuwa na televisheni ya Great Wall ya inchi 14, isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari. Betri ikiisha, ilifungwa nyuma ya baiskeli na kupelekwa sokoni kuchajiwa. Mashine ilikuja na adapta ya ukutani ya volti 9, na sisi hatukuwa na ukuta wenye soketi. Mjomba akaipeleka kwa fundi wa redio pale sokoni.

Nilipoifungua Jumapili kwa bisibisi, niliona kwa mara ya kwanza alichofanya. Alikata waya wa adapta akaweka vibanio viwili vya betri. Ndani ya mashine kuna regyuleta inayoshusha umeme hadi volti 5, na tofauti yote hugeuka joto. Tuseme mashine inavuta ampea 0.2. Kwa volti 9 joto ni wati 0.8. Kwa volti 12 za betri linafika wati 1.4, karibu mara mbili. Fundi alilijua hilo bila kuandika hesabu. Alikuwa amefunga kwenye regyuleta kipande cha bati kilichokatwa kutoka sufuria kuukuu, na juu ya kasha, mahali palepale, ametoboa mashimo kumi na moja kwa msumari wa moto. Kingo zake bado zinaonyesha plastiki ilivyoyeyuka.

Nilikuwa nikidhani yale mashimo yalitoka nalo kiwandani.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hata yeye hakukiweka. Mashine haikuwa na njia ya kutuambia betri imebaki kiasi gani. Tulicheza tu mchana watu wazima wakiwa shambani, kwenye kaseti ya manjano iliyojigamba kuwa na gemu 999999 na kumbe hazifiki kumi, zikijirudia. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya kura ya urais yalipotangazwa, babu aliwasha televisheni na haikuwaka. Tulikuwa tumeimaliza betri. Watu wazima walienda kusikiliza redio kwa jirani, na babu alikuwa na ndugu upande wa Sotik ambao hakujua hali yao. Hakutuchapa. Aliichomoa mashine, akaiweka juu ya kabati, na huko ndiko ilikokaa hadi Jumapili hii. Babu mwenyewe hayupo tena.

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima. Nadhani kasha la mashine hutuambia aliyelitengeneza alikuwa akiogopa nini. Uemura aliogopa bei. Barr aliogopa mwenye duka. Fundi wetu aliogopa joto. Mwaka 2016 Nintendo walitoa sanduku la kijivu dogo la kutosha kiganjani, lenye gemu 30 ndani yake, na mlango wake wa mbele haufunguki kabisa. Ni sura tu. Wanaogopa kusahaulika, na sidhani kama kuna ubaya. Ubaya ni mimi kumlipa binamu achonge kwa jiwe woga wa mwenye duka wa New York wa mwaka 1985, nyumbani kwa watu wa Kiogoro.

Kwa hiyo nimempigia simu. Tundu liwe juu. Jiwe liwe nene, maana jiwe la sabuni halichukii joto, na halipitishi umeme. Mashimo yawe kumi na moja, mahali palepale. Umeme uingie wa volti 12, ili ifanye kazi na betri ya sola stima ikipotea. Na mbele, pale nilipotaka mlango, tutaweka taa ndogo tatu za kuonyesha betri imebaki kiasi gani. Sehemu ya taa ndiyo nitaandika programu yake, na nikimaliza nitaiweka hapa muichukue bure.

"Sasa hiyo inachongeka," binamu akasema. Akaniongezea mia tano kwa ajili ya yale mashimo.

Kama nyumbani kwenu kulikuwa na mashine kama hii, hebu ifungueni mtazame fundi alifanya nini ndani, kisha mnieleze. Hayo hayakuandikwa popote, na makabati ya nyanya zetu hayatakaa milele.

Tuonane tena.