Tigithe na bwawa la North Mara

Mei 2009, maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, yakaingia mto Tigithe, unaomwaga maji yake mto Mara. Wanavijiji walilalamika kwamba mifugo inakufa na ngozi zao zinaota vidonda. Barrick, iliyomiliki mgodi, ilieleza kuwa wezi walikuwa wameng'oa plastiki iliyotandikwa kuzuia maji yasipenye. Huenda ni kweli. Ila kinga inayoshindwa na kisu cha mwizi ni kinga gani?

Mwamba wenye salfaidi ukichimbuliwa, ukakutana na hewa na mvua, hutoa tindikali inayoyeyusha metali zilizokuwa zimetulia ndani ya jiwe. Hali hiyo yaweza kuendelea miaka mingi hata baada ya mgodi kufungwa.

Sheria zilikuwepo, lakini zilichelewa. Baraza la mazingira, NEMC, liliundwa 1983 likiwa la kutoa ushauri tu. Sheria ya Madini ya 1998 iliwafungulia mlango wawekezaji wakubwa, na North Mara ikaanza uzalishaji 2002. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, iliyolipa NEMC nguvu ya kukagua, kuzuia na kutoza faini, ilipitishwa 2004. Mkaguzi alizaliwa akaukuta mgodi unafanya kazi.

Miaka 10 baada ya Tigithe, Mei 2019, NEMC iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi. Ni fedha nyingi, lakini kwa mgodi wa dhahabu faini ni gharama kama gharama nyingine. Kilichouma zaidi ni amri ya Julai: bwawa la topesumu lisitumike. Kila tani ya mawe inayosagwa huacha tope linalohitaji pa kwenda, na bwawa likifungwa, kinu nacho kinasimama.

Hata hivyo, Acacia, kampuni tanzu ya Barrick iliyouendesha mgodi wakati huo, ilikuwa na mgogoro mkubwa wa kodi na serikali tangu 2017, na wapo walioiona amri ile kama sehemu ya mvutano huo. Septemba 2019 Barrick ilinunua hisa za Acacia ambazo haikuwa nazo. Mwezi huohuo zuio likaondolewa.

Machi 2022 samaki walikufa mto Mara, maji yakawa meusi. Kamati ya serikali ilitaja vinyesi vya mifugo na mimea iliyooza, si mgodi. Wengi hawakuamini.