Mlegezo si Kuachiwa Huru

Orodha ya istilahi za mahakama inayozungushwa miongoni mwetu imeandaliwa na jopo ambalo sitalitaja, kwa kuwa na baadhi ya wajumbe wake bado tunasalimiana. Humo "kuachiwa huru" kumeandikwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa mshtakiwa ambaye mahakama imesikiliza kesi yake ikamwona hana hatia. Mara ya pili ni kwa yule ambaye upande wa mashtaka umeamua kutoendelea naye, angalau kwa leo. Kwenye safu ya maelezo wameongeza kwamba tofauti itaeleweka kutokana na muktadha. Muktadha! Wako watu waliokamatwa tena wakiwa hawajatoka hata kwenye viunga vya mahakama. Muktadha wao ulikuja na pingu.

Sheria yenyewe wasomaji wangu wanaijua, kwa hiyo nitaipita mbio. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya Tanzania, katika kifungu ambacho mawakili wengi bado wanakiita tu "tisini na moja", inamruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuiambia mahakama, hatua yoyote kabla ya hukumu, kwamba hana nia ya kuendelea na shauri. Mshtakiwa anaachiwa papo hapo. Kisha kifungu hicho hicho kinasema kuachiwa huko hakuzuii kumshtaki upya kwa mambo yale yale. Ndivyo ilivyokwisha kesi ya mwanasiasa Freeman Mbowe na wenzake watatu tarehe 4 Machi 2022, siku 14 baada ya Mahakama Kuu kuwaona wana kesi ya kujibu. Nchi nzima ikasema wameachiwa huru, waliofurahi na walionuna.

Vuka mpaka wa Namanga uone. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 157, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka aombe kibali cha mahakama kwanza. Tena akijitoa baada ya upande wake kufunga ushahidi, mshtakiwa hawi mtu wa kungoja: ni lazima aondolewe hatia moja kwa moja. Yaani kitendo kile kile, katika hatua ile ile ya kesi, kina mwisho mmoja Arusha na mwisho mwingine Kajiado. Waandishi wa pande zote mbili wana maneno yale yale, ila Mkenya hupenda kusema "kuachiliwa" na Mtanzania "kuachiwa".

Sasa tuje kwenye maneno, maana ndiko jopo lilikopotelea.

Lugha yetu tangu zamani inaisema jinai kwa msamiati wa kamba. Mtu hufungwa, akishafungwa ni mfungwa, muda wake ni kifungo, na asipopelekwa gerezani ni kifungo cha nje. Kinyume cha kufunga ni kufungua, kwa kile kiambishi cha kutengua tunachokiona katika ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua. Tungetarajia basi aliyeshinda kesi aitwe aliyefunguliwa. Lakini neno hilo lilishawahiwa, na likawahiwa vibaya: kufunguliwa mashtaka ndiyo kuanza kwa balaa lenyewe. Kesi hufunguliwa ili mtu afungwe. Upande wa mashtaka nao hufunga ushahidi, ndipo mshtakiwa afungue mdomo. Sioni mtu wa kumlaumu hapo. Lugha ilikua yenyewe bila jopo, na pengine ndiyo sababu imekua vizuri.

"Acha" ni neno pana mno. Mtu huacha kazi, huacha pombe, huacha urithi, huacha mke. Mnyambuliko wa achia unaongeza kulegea kwa mkono, na achilia unazidisha. Katika yote hayo hakuna hata moja linalosema kama mkono utarudi. Mwenzangu mmoja, mtu wa Pwani na hodari wa fikihi, aliwahi kupendekeza "mwachio rejea", akiegemea talaka rejea ambayo mume anaweza kumrudia mkewe kabla eda haijaisha. Nilimpongeza kwa ujuzi wake, nikamkumbusha kwamba eda ina mwisho unaojulikana. Isitoshe, mshtakiwa si mke wa Jamhuri. Tangu siku hiyo barua zake kwangu zimekuwa fupi.

"Huru" ndilo neno zito, nalo ndilo lililotupwa ovyo kuliko yote. Tumelipata kwa Waarabu, kwao likiwa na maana ya mtu asiye mtumwa, na katika Pwani yetu limebeba maana hiyo kwa karne nyingi. Mtumwa aliachwa huru. Zanzibar, baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, watu walikwenda mahakamani wenyewe kuomba uhuru wao na kupewa hati. Aliyekwisha kuachwa huru harudishwi kwa bwana wake kesho yake asubuhi kwa sababu bwana amepata ushahidi mpya. Neno lenye historia hiyo halifai kuvishwa mtu ambaye jalada lake limerudi tu kabatini. Tumwachie aliyeshinda kesi: yeye ndiye aliyeachiwa huru, na hapo sina ugomvi na jopo wala na mtu yeyote.

Kwa huyu mwingine napendekeza, kama nilivyopendekeza zamani na nikapuuzwa, "mlegezo". Limeundwa kihalali kabisa: legea, legeza, mlegezo, kama cheza ikatoa mchezo na ongoza ikatoa mwongozo. Kitenzi chake kipo tayari, na hakimu anaweza kukitumia bila kujikwaa: "Mahakama inamlegeza mshtakiwa kwa kuwa upande wa Jamhuri hauna nia ya kuendelea na shauri." Kamba bado ipo shingoni, haivutwi tu. Ndiyo sheria inavyosema, na ndiyo mshtakiwa mwenyewe anavyopaswa kuisikia.

Hoja dhidi yangu zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba tayari tunasema kulegeza masharti ya dhamana. Ni kweli, lakini pale yanalegezwa masharti na hapa analegezwa mtu, na Kiswahili kina mtenda na mtendwa kwa kazi hiyo hasa. Ya pili ililetwa kwa kicheko, na kikao kizima kikashiriki: kwamba mlegezo ni suruali za vijana, zile zinazoning'inia chini ya kiuno. Waheshimiwa, hakuna ushahidi bora zaidi wa kunitetea. Suruali ya mlegezo imeshuka lakini haijavuliwa, na mwenyewe hawezi kukimbia. Vijana wa vijiweni walilielewa neno hili kabla ya watu wenye posho ya kikao. Mbadala waliouleta wao ulikuwa "uachiliwaji usio wa mwisho wa shauri", istilahi ambayo hakimu akianza kuisoma saa tatu, mshtakiwa atakuwa ameshakamatwa tena kabla haijaisha.

Ningenyamaza kama jambo hili lingekuwa la kamusi tu. Zamani amri nyingi za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, na humo tofauti ilihifadhiwa, ingawa mshtakiwa hakuielewa. Alitafsiriwa kwa mdomo, akaenda nyumbani. Marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo sasa amri inaweza kuandikwa kwa lugha ya mshtakiwa, na akiisoma "umeachiwa huru" ataiamini, kwa nini asiiamini? Tutakuwa tumempa haki ya kusoma karatasi yake, kisha tukamwandikia humo neno lisilo kweli. Na kuna tabaka la tatu ambalo orodha ile imelitia kapu hilo hilo: mtu aliyepatikana na hatia lakini, kwa Kanuni ya Adhabu, akaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Huyo hatia anayo. Kumwita huru ni kumtania.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi, kwa kuwa mhariri ananihesabia nafasi: ukiambiwa ndugu yako ameachiwa, omba nakala ya amri na utazame namba ya kifungu kabla ya kupika pilau. Kwa Tanzania, ikiwa ni ile "tisini na moja", huo ni mlegezo katika hatua yoyote. Ikiwa ni kifungu kingine, shauri likiondolewa katika mahakama ya chini kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, huo nao ni mlegezo. Likiondolewa baada ya hapo, au mahakama ikisema hana kesi ya kujibu, ameachiwa huru kweli. Nakala hiyo mwonyeshe wakili wa mahali pale pale kesi iliposikilizwa, kwa sababu, kama tulivyoona, mwisho wa Arusha si mwisho wa Kajiado. Nasema wakili, si "mwanasheria", kwani mwanasheria anaweza kuwa mtu yeyote mwenye shahada ya sheria. Wakili ni neno la Kiarabu kwa mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake, na kwetu ni yule aliyeandikishwa katika Orodha ya Mawakili na mwenye leseni ya mwaka huu. Jina lake litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujatoa hata senti, maana vishoka hukaa nje ya geti wakiwa wamevaa suti nzuri kuliko mawakili. Swali la kwanza la kumuuliza si gharama. Muulize: ni huru au ni mlegezo? Asipolijua neno, mwonyeshe makala haya. Akilijua na bado akakwambia ni mamoja, tafuta wakili mwingine.