Safari za mikoani: Abiria ajue haki na wajibu wake

ABIRIA anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani anapaswa kuyafahamu mapema mambo kadhaa, kwani kutoyajua kunaweza kumpotezea fedha, mzigo, safari yenyewe na hata maisha.

Kwa miaka mingi safari hizo zilianzia Ubungo. Tangu mwaka 2021 kituo kikuu ni Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, kando ya Barabara ya Morogoro. Anayetoka katikati ya jiji hana budi kutenga muda wa kutosha, hasa nyakati za asubuhi ambapo foleni huwa ndefu.

Jambo la kwanza ni tiketi. Inashauriwa ikatwe ofisini au kwa njia ya mtandao ya kampuni husika, na si mikononi mwa wapiga debe. Kabla ya kuondoka dirishani, abiria ahakikishe kuwa tiketi ina jina lake, namba ya basi, namba ya kiti, tarehe, saa na nauli aliyolipa. Nauli ya juu kwa kila njia hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Anayetozwa zaidi ya kiwango hicho ana haki ya kulalamika, na tiketi ndiyo ushahidi wake.

Saa nazo huwachanganya wengi. Tiketi za kielektroniki huandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 06:00 ni saa 12 asubuhi, wala si saa sita mchana. Suala hilo limekuwa na uzito zaidi tangu Oktoba 2023, Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri usiku. Basi linaloondoka 00:30 ya Jumamosi huondoka usiku wa kuamkia Jumamosi. Abiria anayefika kituoni Jumamosi usiku atakuwa amechelewa kwa siku nzima.

Kuhusu mizigo, ule unaowekwa kwenye buti ubandikwe alama na abiria apewe stakabadhi. Fedha, dawa, vyeti na simu visiwekwe humo, bali vikae kwenye mkoba mdogo ambao mwenyewe atakuwa nao kitini. Aidha, si busara kukubali kumbebea mtu asiyemfahamu kifurushi, kwa kuwa kikikutwa na kitu haramu, atakayeulizwa kwanza ni aliyekibeba.

Mara akaapo kitini, abiria afunge mkanda. Anayeona mkanda mbovu amweleze kondakta kabla basi halijaondoka. Mabasi hayaruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa, na kilometa 50 katika maeneo ya makazi yenye alama. Safari inayozidi saa nane huhitaji madereva wawili wa kupokezana. Dereva anapokimbiza gari au kusinzia, abiria hawapaswi kunyamaza: wamwonye kwa heshima na, asiposikia, watoe taarifa kwa askari wa usalama barabarani katika kituo kinachofuata, wakitaja namba ya basi.

Basi linaposimama kwa ajili ya chakula, ni vyema kuuliza muda uliotolewa na kukumbuka namba ya basi, maana yapo yanayofanana rangi. Kuchimba dawa porini kuepukwe. Abiria aombe basi lisimame penye vyoo. Kwa wanaoelekea Iringa na Mbeya, barabara hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na humo ni marufuku kutupa taka dirishani.

Zaidi ya yote, tiketi itunzwe hadi mwisho wa safari. Ikitokea ajali, upotevu wa mzigo au basi kuharibika njiani, karatasi hiyo ndogo au ujumbe wa simu ndiyo huthibitisha kuwa abiria alikuwamo na anastahili kudai haki yake.