Mashine ya Hazina, Nauli ya Mwananchi

Serikali ya Tanzania iliwahi kupiga marufuku kompyuta. Vijana wanaokuja stesheneri kwangu Temeke kujaziwa fomu za mkopo wa chuo hawaamini nikiwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1974 ilikatazwa kuingiza nchini kompyuta na televisheni, na aliyetaka kompyuta ilibidi aombe kibali maalumu.

Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefika miaka tisa tu kabla ya hapo, 1965, ikafungwa Hazina, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Uhuru ulikuwa bado mchanga, wahasibu wazalendo walikuwa wachache, na mashine ikapokewa kwa matumaini makubwa. Hesabu za Serikali zikahamishiwa kwenye kompyuta, zikavurugika. Hazina ikapoteza udhibiti wa matumizi yake yenyewe. Wataalamu walitoka nje, na kila kifaa kilidai fedha za kigeni, wakati bei ya mafuta imepanda na ukame umelazimisha nchi kununua chakula. Kazi ikarudishwa kwenye njia za zamani.

Wengi wanausimulia uamuzi ule kama ushamba. Ulituchelewesha, sikatai; Bara tulipata televisheni 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya sabini. Hata hivyo nauheshimu kwa jambo moja: mashine ilipoharibu kazi, aliyepata hasara ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kusema basi.

Siku hizi hasara imehamia kwetu. Mashine za risiti za EFD zilipoanza mwaka 2010, mfanyabiashara alitakiwa kununua ya kwake. Bei ilikuwa kero kiasi kwamba baadaye maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa mgomo. Mei 2018 mfumo wenyewe unaopokea taarifa za mashine hizo ukazima, watu wakarudi kuandika risiti kwa mkono. Mashine waliyolazimishwa kuinunua ilikuwepo pale pale mezani.

Mimi nayaona haya kila msimu wa maombi. Mama anaacha genge lake Mbagala, anapanda daladala na mwanawe, wanafika ofisi ya umma kuhakikiwa cheti cha kuzaliwa, wanaambiwa: mtandao unasumbua, njooni kesho. Kesho ni nauli nyingine, na nyanya nyingine zinaozea gengeni. Wakija kwangu, fomu inazunguka tu kwenye kioo, nami siwezi kumtoza mtu kwa fomu ambayo haikwenda, ingawa umeme na bando nimeshalipia. Muda wa mwisho wa kuomba mkopo haujali lolote kati ya hayo. Mtoto amefaulu, na anaweza kukosa chuo kwa sababu ya seva asiyoijua iko wapi. Hilo linaniuma kuliko hasara yangu.

Sitaki turudi 1974. Ninachoomba ni kidogo, na kinaandikika kwenye kanuni: mfumo ukizima, muda wa mwisho usogezwe kwa saa zile zile ulizozima, na faini ya kuchelewa ifutwe bila mwananchi kuandika barua wala kwenda kujieleza dirishani. Saa hizo hazihitaji shahidi. Mfumo unaziweka kwenye kumbukumbu zake wenyewe.