RT 125: Injini ya Zschopau na Kazi ya Kuifufua

Injini ya pikipiki ya DKW RT 125 ilibuniwa na Hermann Weber katika mji wa Zschopau, Ujerumani, na kuonyeshwa hadharani mwaka 1939. Silinda ilikuwa moja, yenye kipenyo cha milimita 52, na pistoni ilisafiri milimita 58, hivyo ujazo ukafika sentimita za ujazo 123. Nguvu yake haikufika farasi 5, na gia zilikuwa tatu. Kwa tarakimu hizo hakuna aliyetarajia makubwa. Hata hivyo, katika muda usiofika miaka 20, injini hiyo ilinakiliwa Moscow, Birmingham, Milwaukee na Japani, na mafundi wanaofufua pikipiki za zamani bado wanakutana nayo ikiwa imevaa majina mbalimbali.

RT 125 ilikuwa ya mipigo miwili, na siri yake ilikuwa katika historia ya injini za aina hiyo. Injini ya mipigo minne huhitaji mizunguko miwili ya krenki ili kupata mlipuko mmoja, ilhali ya mipigo miwili hupata mlipuko kila mzunguko. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, alikigeuza chumba cha krenki kuwa pampu. Pistoni ikipanda, hewa na petroli hunyonywa chini yake. Ikishuka, mchanganyiko huo hubanwa na kusukumwa juu kupitia tundu lililo ubavuni mwa silinda. Valvu hazihitajiki, kwa kuwa pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kuziba matundu.

Kasoro ilikuwa kwamba mchanganyiko mpya ulikatiza moja kwa moja na kutoka na moshi kabla haujaungua. Watengenezaji wakaweka nundu juu ya pistoni ili kuuelekeza juu. Nundu hiyo iliongeza uzito na ilipata moto kupita kiasi. Mwaka 1925 Adolf Schnürle, mhandisi wa kampuni ya Deutz, alipata njia bora: matundu mawili yaliyoelekezwa kwenye ukuta ulio mkabala na tundu la moshi, ili mchanganyiko ugonge ukuta huo, upande, kisha ushuke ukiusukuma moshi nje. Pistoni ikawa haina haja ya nundu. DKW, iliyoanzishwa na Mdenmaki Jørgen Skafte Rasmussen na iliyokuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa pikipiki duniani mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipata haki ya kutumia ubunifu huo katika injini za petroli. RT 125 ndiyo iliyouonyesha vizuri zaidi katika pikipiki ya bei nafuu.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, michoro ya Wajerumani ikawa fidia ya washindi. Mitambo ya Zschopau ilifunguliwa na kupelekwa Umoja wa Kisovieti. Weber naye alipelekwa huko, na huko ndiko alikofia mwaka 1948. Nakala ya Kisovieti, Moskva M1A, ilianza kutengenezwa mwaka 1946. Mwaka 1948 kampuni ya BSA ya Birmingham ilitoa Bantam, ambayo injini yake ni ya DKW iliyogeuzwa kama ionekanavyo kwenye kioo, ili kanyagio la gia likae kulia kama walivyozoea Waingereza. Harley-Davidson ya Milwaukee nayo ilitoa pikipiki ya sentimita za ujazo 125. Mwaka 1955 Yamaha, iliyojulikana kwa piano na vinanda, iliingia kwenye pikipiki kwa YA-1, iliyopewa jina la utani la kereng'ende mwekundu, ikashinda katika daraja lake kwenye mbio za kupanda mlima Fuji mwaka huohuo. Pikipiki za Yamaha za mipigo miwili zilizokuja kujulikana Afrika Mashariki zimetoka katika ukoo ulioanzia hapo. Ni vigumu kutaja pikipiki nyingine iliyozaa watoto wengi hivyo kwa baba wasiofahamiana.

Enzi za kazi zake, injini hizi zilitunzwa na wenyewe. Oili ilichanganywa ndani ya petroli, sehemu moja kwa 20 au 25, na oili za wakati huo ziliacha masizi mengi. Kila baada ya muda kichwa cha silinda kilifunguliwa na tundu la moshi likakwanguliwa, mara nyingi kwa kijiti cha mti mgumu ili alumini isichubuke. Bantam ya mwisho ilitengenezwa mwaka 1971. Sheria za moshi zilizoanza kubana pikipiki Marekani mwaka 1978 zilipunguza zaidi nafasi ya mipigo miwili barabarani, na nyingi zikabaki zimeegeshwa vibandani.

Hapo ndipo zinapomfikia fundi wa leo. Kwa kawaida pistoni huwa imekamatwa na kutu. Kuipiga nyundo ni kuivunja. Humiminiwa oili nyepesi juu yake na kuachwa siku kadhaa, kisha krenki hujaribiwa taratibu, mbele na nyuma. Silinda ikishatoka hupimwa kwa kipimo cha ndani katika vina mbalimbali, kwa sababu huchakaa zaidi usawa wa matundu. Ikizidi kiwango huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Ringi zina mashaka yake: ncha zake hushikwa na vijipini vidogo kwenye pistoni zisizunguke, maana ncha ikiangukia kwenye tundu hunasa na kuvunjika. Hivyo nafasi ya kila ringi huangaliwa kabla silinda haijashushwa.

Kazi ngumu ni ya krenki. Imeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja, kwa hiyo kubadilisha beringi ya chini ya mkono wa pistoni ni kuitenganisha kwa presi na kuiunganisha upya. Kisha huzungushwa kati ya ncha mbili huku saa ya kupimia ikigusa mihimili yake, na fundi huigonga kwa nyundo ya shaba mpaka upotovu ubaki sehemu chache za mia za milimita. Wanaoruka hatua hii hurudi kufungua injini mapema.

Mwisho huja sili za krenki. Mpira wake hukauka kwa kukaa, hata kama pikipiki haikutembea. Kwa kuwa chumba cha krenki ndicho pampu, sili iliyopasuka upande wa sumaku huingiza hewa ya ziada, mchanganyiko ukapungukiwa petroli na oili, na pistoni hukwama kwa joto. Ikipasuka upande wa klachi, oili ya gia hunyonywa na moshi mweupe haukomi. Mafundi wengi hupoteza wiki nzima kwenye kabureta wakitafuta ugonjwa ambao uko kwenye sili. Injini ya mipigo miwili iliyolala miaka mingi iwekewe sili mpya kabla haijapigwa kiki ya kwanza.